Nyuma ya Barua Yako

Butembo, Mususa
Tarehe 14 Februari 2000

Siméon,

Salamu sikuletei. Barua yako imefika kwa mkono wa Falonne mchuuzi, ndani ya katoni yake ya sabuni, na nimesoma yote: watoto hawajambo, mke wako amepona malaria, kazi ya ofisini, bureau ya Beni, inaendelea. Nimefurahi. Kisha nikageuza karatasi.

Wewe huangalii unachoandikia? Upande mmoja ni wino wako. Upande wa pili ni ukurasa wa kwanza wa kitabu, ule wenye jina la kitabu peke yake: Historia ya Njia ya Chumvi. Chini yake kuna muhuri wa zambarau wa shule ya Kayna, na juu ya muhuri kuna sahihi ambayo mkia wake unarudi nyuma na kupiga mstari chini ya jina zima. Nilitoa misale ya mama sandukuni, kitabu cha misa ambacho baba alikitia sahihi siku ya arusi, nikaweka sahihi kando ya sahihi. Ni ya baba. Ni Melchior Maliro aliyetuzaa.

Mwaka wa 1964 wewe ulikuwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo nitakueleza upya, maana naona umesahau hata ulichoelezwa. Baba alikuwa mwalimu mkuu pale Kayna na vitabu vya shule vilikuwa mikononi mwake. Parokia nzima ilitoa kahawa na maharagwe ili vinunuliwe. Wasimba, waasi wa mwaka ule, walipofika walikuwa wanatafuta watu wa kalamu na kila kilichoandikwa. Watu wakaona moshi nyuma ya shule. Wasimba wakamchukua baba awabebee mizigo, akafia njiani, hatujui ni wapi.

Siku ya kumaliza kilio wazee waliuliza, kama desturi inavyotaka, nani ana neno na marehemu. Katekista Ézéchias akasimama mbele ya wote: "Mimi niko na neno. Ule mutu alichoma bitabu ya batoto yetu juu ya kuokoa roho yake. Niliona moshi na macho yangu." Neno likisemwa siku ile na lisijibiwe, linabaki mlangoni kwa watoto wa marehemu. Mama hakuwa na jibu. Alitubeba akatuleta Butembo na hajakanyaga Kayna tena. Aliyepigana masomoni kwa sababu ya kuitwa mtoto wa mchoma vitabu hakuwa wewe, alikuwa mimi dada yako.

Sasa niambie, kitabu kilichochomwa kinafikaje Beni na kuwa karatasi ya barua?

Jibu haraka. Na kama kuna vingine, mtu asiviguse.

Yaya yako,
Emérence


Beni
Tarehe 23 Februari 2000

Yaya Emérence,

Barua yako nimeipokea bureau, mbele ya watu, Falonne amesimama anangoja nicheke kama kawaida yangu. Sikucheka. Mtu anaandika kusalimu familia yake, anarudishiwa matusi.

Karatasi ni ya bureau. Beni nzima hakuna karatasi nyeupe, na bila laissez-passer, kibali cha njia, hakuna anayevuka barrière hata moja ya askari, kwa hiyo tunaandikia tunachopata. Inakuja ndani ya magunia. Tunakata kurasa zenye upande mweupe, tunapiga muhuri wa mouvement inayotawala huku, tunatuma kwa mafungu kwenye vituo vya barabara, Lubero mpaka huko kwenu Kayna. Mimi siulizi gunia limetoka wapi. Huku anayeuliza naye anaulizwa. Chef wangu, mkubwa wa ofisi, Monsieur Cyrille, ametoka mbali, hajui Kayna, hajui Maliro, anachotaka ni kazi itoke. Yaya, wewe una cherehani yako na wateja wako, mimi nina mke na watoto na chef.

Sahihi zinafanana. Walimu wa zamani wote walifundishwa kuandika namna moja.

Na jambo moja nilitaka kukuambia siku nyingi. Wewe una kumbukumbu ya baba, hata kama ni ndogo. Mimi nilipewa jina lake tu, na jina lenyewe lilikuwa mzigo. Huku kazini naitwa Siméon Lusenge, basi. Maliro niliiacha. Hakuna aliyenicheka tangu wakati huo. Usinirudishie kitu nilichokwisha kukiweka chini.

Tafadhali mama asijue. Moyo wake hauko sawa, basi usimchokoze na karatasi.

Mdogo wako,
Siméon Lusenge


Butembo, Mususa
Tarehe 2 Machi 2000

Siméon Maliro Lusenge,

Mama anajua. Ulidhani nitaficha kitu kama hiki ndani ya nyumba ya vyumba viwili?

Nilimpa karatasi yako. Aliishika mbali, kisha karibu, kisha akapitisha kidole juu ya muhuri. Nilitayarisha kitambaa nikifikiri atalia. Hakulia. Alikasirika namna sijawahi kumwona amekasirika, hata siku wanajeshi walipochukua mbuzi. Akasema: "Mi mwenyewe niliamini ule uongo. Siku Ézéchias alisimama, sikunyamaza juu ya woga. Nilinyamaza juu nilizani ni kweli." Kisha akasema kwamba amelala miaka hii yote kama mjane wa mtu mwoga, na mtu hakuwa mwoga. Amemkasirikia Ézéchias, amejikasirikia mwenyewe, amemkasirikia hata baba kwa kutomwambia. Chakula cha jioni alikataa.

Sasa sikiliza vizuri. Unasema mnakata kurasa zenye upande mweupe. Upande mweupe uko wapi katika kitabu? Uko nyuma ya ukurasa wa jina, na kwenye mwisho. Baba aliweka muhuri wapi? Kwenye ukurasa wa jina. Mnachokata ni ushahidi wetu wenyewe, na mnaugawa barabarani kama karanga.

Mama anataka kusimama Kayna, mbele ya watu wale wale waliobaki, na kujibu. Miguu yake imevimba na daktari hanidanganyi. Ézéchias naye amezeeka. Akifa kabla hajajibiwa, neno lake litabaki milele, kwako, kwangu, kwa watoto wako unaowaficha jina. Mikono mitupu hatuwezi kwenda. Watasema tumeokota karatasi moja. Nataka vitabu, Siméon, vizima, na muhuri ndani.

Nitumie laissez-passer nije mwenyewe Beni nizungumze na huyo Cyrille wako. Na unijibu kwenye karatasi nyingine yoyote, hata ya mfuko wa sukari. Ukiniandikia tena nyuma ya muhuri wa baba, sitafungua.

Emérence


Beni
Tarehe 20 Machi 2000

Yaya,

Hii ni karatasi ya mfuko wa saruji. Nimeipangusa mara nyingi lakini bado ina vumbi, nisamehe ukikohoa.

Laissez-passer yako imekataliwa. Monsieur Cyrille alisema: "Mama anakuja juu ya vieux bouquins, bitabu ya zamani? Akuje vita ikiisha." Usije bila karatasi. Barabarani kunapigwa risasi tangu Jumatatu iliyopita na Falonne mwenyewe alirudi mara mbili.

Nilisema siulizi gunia limetoka wapi. Nimeuliza. Wanajeshi walibomoa shule ya zamani ya Kayna wapate mabati na mbao za kujengea kambi. Stoo ya shule ilikuwa na ukuta mnene kuliko kuta nyingine. Walipoupiga wakakuta ni kuta mbili, na katikati vitabu vimepangwa kama matofali, vimefungwa kwa turubai. Walidhani ni dhahabu, walipigana kwanza. Kisha wakatupa kila kitu juu ya lori pamoja na mabati, na lori likaja hapa.

Niliingia dépôt, stoo ya magunia, wiki jana wakati wengine wamekwenda kula. Magunia bado ni mengi. Nikakaa chini nikafungua. Kuna hadithi za kubuni, kuna historia, kuna maisha ya watu. Kile cha Njia ya Chumvi kinaeleza jinsi mababu zetu walivyobeba chumvi ya Katwe kichwani mpaka huku milimani, na walivyowalipa wenye vivuko. Mimi nimemaliza sekondari mpaka diplôme d'État na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilifundishwa mito ya Ubelgiji. Nilikaa pale na hasira, yaya, hasira ya mtu aliyenyimwa chakula ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kuna kingine, Kesi ya Mjane wa Mfua Chuma. Mwanamke anampeleka mwuaji wa mume wake mbele ya mwami, mfalme wa jadi, na mwuaji ni shemeji yake. Nilikisoma kwa siku tatu nimekificha chini ya meza. Ukurasa wa mwisho haupo. Umekatwa, kwa sababu nyuma yake ulikuwa mweupe.

Sasa neno ambalo ulikuwa unalitafuta. Mkasi ni wangu. Katika bureau ile anayekata ni mimi. Na muhuri niliuona wiki ya kwanza. Niliona Kayna, niliona sahihi, nikajiambia walimu wa zamani wote wanaandika namna moja. Niliendelea kukata kwa sababu kukata ndiyo kazi niliyopewa, na kwa sababu sikutaka kuwa mtoto wa mtu yule.

Nitatoa kimoja kimoja ndani ya shati. Nipe muda.

Siméon


Butembo, Mususa
Tarehe 27 Machi 2000

Siméon,

Weka mkasi chini.

Sina mengine. Nilikubeba mgongoni mama alipochoka, nilikuuzia mandazi upate ada, na leo unaniambia uliona muhuri ukaendelea kukata. Nipe muda, unasema. Muda ni wa mama, si wangu kukugawia.

Weka chini huo mkasi. Wakikuuliza, sema mkono unauma. Sema umekuwa kipofu. Sema lolote, mradi usikate tena.

Emérence


Beni
Tarehe 11 Juni 2000

Yaya Emérence,

Najua umeandika mara nyingi. Barua zako nimezikuta kwa Falonne, ameziweka zote pamoja, hakuthubutu kuzileta mahali nilipokuwa.

Niliweka mkasi chini. Monsieur Cyrille aliuliza kwa nini, nikamwambia vitabu ni vya watu, vina mwenyewe. Akauliza mwenyewe ni nani. Nikasema ni baba yangu. Alicheka, kisha akaona sicheki. Siku ile ile walinipekua mlangoni wakakuta kitabu ndani ya shati. Nimekaa cachot, mahabusu yao. Sitakueleza ya mule ndani, mke wangu atakueleza siku mkionana, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta chakula na ndiye aliyetukanwa. Kazi imekwisha. Niko nyumbani, nina afya, ila meno mawili hayapo.

Nilipotoka cachot, bureau ilikuwa imehamishwa. Vitabu vilivyobaki walivipa wanajeshi wapikie maharagwe. Nilipita pale, yaya. Niliona moshi na macho yangu. Wewe na mama mna Ézéchias wa kumkasirikia. Mimi sasa ndiye niliyeona moshi, na safari hii ulikuwa wa kweli.

Vimebaki vitatu, vile nilivyotoa kabla hawajanikamata: kile cha chumvi, kile cha mjane, na kimoja cha maisha ya mtawa aliyetibu wakoma. Viko ndani ya godoro la watoto. Hakuna hata kimoja chenye ukurasa wa jina. Ukivipeleka Kayna, Ézéchias atasema nimevinunua sokoni, na hutakuwa na la kumjibu.

Ngoja nikuambie na kinachoniunguza mimi, kwa sababu mule ndani nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Baba alijenga ukuta wa pili. Alibeba matofali, alikoroga udongo, alipanga vitabu kimoja kimoja, akafunga na turubai. Kazi ile si ya saa moja. Vitabu alivificha. Sisi hakutuficha. Yeye mwenyewe hakujificha. Aliacha mke na watoto mikononi mwa Wasimba akaokoa karatasi. Wewe unataka kusafisha jina la mtu huyo. Mimi ningetaka kumwuliza swali moja, na hayupo wa kumwuliza.

Mwambie mama nimejaribu.

Siméon


Kayna
Tarehe 2 Julai 2000

Kwa Emérence, binti ya Maliro,

Mimi ni Ézéchias, niliyekuwa katekista. Usishangae kuona mwandiko wangu, mjukuu wangu ananishikia karatasi isicheze.

Nina ngiri, na waganga wa hapa wameniambia niende Beni kupasuliwa. Nilichukua laissez-passer hapa kituoni. Nilipofika nyumbani niliigeuza. Nyuma yake kuna jina la kitabu, Maisha ya Mtawa Aliyetibu Wakoma, na muhuri wa shule yetu. Kona moja imeliwa na panya. Panya yule nilimwua mimi. Kitabu kile nilikibeba kichwani mwenyewe kutoka misheni, shule ilipokuwa haina hata kabati.

Sikwenda Beni. Nimekaa na karatasi hii mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Binti yangu, nilisema nilichokiona. Moshi niliuona. Siku zile kila mmoja alikuwa anajiokoa alivyoweza, na mimi pia nilichoma koti langu la ukatekista. Labda ndiyo maana niliamini upesi kwamba mwenzangu alifanya vile.

Naomba tumalize kati yangu na nyinyi. Barua hii iwatoshe, wewe na mama yako. Nitaomba misa kwa ajili ya Maliro, kimya kimya, bila kutaja sababu. Mimi ni mzee, watu wa hapa wananiheshimu, vijana nimewafundisha sala. Usiniletee aibu uzeeni.

Ézéchias


Butembo, Mususa
Tarehe 9 Julai 2000

Muzee Ézéchias,

Shikamoo ya umri wako ninakupa. Barua yako ninakurudishia, iko ndani ya hii.

Mama nimemsomea. Amesema hivi, na ninaandika kama alivyosema: "Neno alilisema na mdomo, mbele ya batu. Alirudishe na mdomo, mbele ya batu. Mi hapana pokea msamaha ya bahasha."

Baba yangu alikuwa na heshima Kayna pia. Uliimaliza kwa sentensi moja, umesimama, na hukumwuliza mtu kama itakuwa aibu. Laissez-passer yako usiipeleke Beni na usiipoteze. Tunakuja.

Emérence, binti ya Melchior Maliro


Butembo, Mususa
Tarehe 30 Agosti 2000

Siméon,

Bado nimekukasirikia. Nianze na hilo usije ukadhani limekwisha.

Tumerudi jana kutoka Kayna. Falonne alipeleka habari sokoni kwamba kila aliye na laissez-passer yenye muhuri wa zambarau nyuma yake aje nayo Jumapili baada ya misa, mahali palipokuwa shule. Nilifikiri watakuja watu wanne. Walikuja wauza vitunguu, wachunga ng'ombe, mabibi arusi waliovuka kwenda kuolewa Lubero, hata askari mmoja wa barrière alitoa mbili kutoka ndani ya kofia. Wengine karatasi zao zilikuwa zimekunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama pipi. Watu wamekuwa wakimtembeza baba mifukoni, Siméon, wakivukia vizuizi kwa sahihi yake, na kila karatasi imekatwa sawa kabisa pembeni. Mkono wako ni mzuri kwa mkasi, nilitaka kukupiga.

Mama alikalishwa kwenye kiti juu ya msingi wa stoo ile. Kila mtu akasimama na kusoma jina la kitabu alichobeba. Hadithi, historia, maisha ya watakatifu na ya wafalme, zote zimechanganyika, na kila mmoja akimaliza na jina la shule na jina la mwalimu. Wazee wachache waliokuwepo siku ile ya kilio waliinamisha vichwa. Vijana walikuwa wanauliza ni nini hiki.

Ézéchias alikuwa wa mwisho. Alitaka kusoma ameketi. Mama akamwambia, "Siku ile ulisimama." Akasimama, wajukuu wakimshika. Akasoma. Kisha akasema: "Mimi niko na neno. Lile neno nilisema juu ya Maliro, nalirudisha. Bitabu hakuchoma. Ni mi njo nilichoma jina yake." Mama alimjibu "Wasingya," asante kwa Kinande, kavu, kama unavyomwambia mtu aliyekurudishia jembe baada ya msimu kupita. Mkono hakumpa. Mimi pia sikumpa.

Njiani mama akaniambia kuhusu moshi. Tangu 64 alikuwa akiwalaani Wasimba kwa kuiba kitanda chake, magodoro, mikeka na nguo zake za arusi. Sasa amejua. Baba alichoma kitanda chao ili moshi uonekane, Wasimba wadhani ni vitabu, wasitafute zaidi. Amecheka, halafu akamtukana baba kwa Kinande maneno ambayo sitayaandika.

Nilimsomea pia swali lako. Nilikuwa nimelificha tangu Juni, niliona aibu kwa niaba yako. Tulipopita mto ndipo akasema: "Mwambie Siméon asikasirikie mutu asiyejua. Sisi njo batu alificha kwanza." Kabla Wasimba hawajafika, baba alitupeleka mwenyewe kwenye shamba la wajomba, juu mlimani, wewe mgongoni mwa mama, mimi nimeshika kidole chake. Kidole kile nakikumbuka, nilikuwa sijui ni safari gani. Alitukabidhi kwa wajomba, akasema anashuka kumaliza kazi ya shule, atapanda kesho. Alituficha sisi, akashuka akaficha vitabu vya watoto wa wengine, na alipofika kwake mwenyewe muda ulikuwa umekwisha. Mama anasema alimkataza asishuke. Walitengana wakigombana. Hilo ndilo hakutuambia miaka yote.

Sasa fanya hivi. Toa vitabu kwenye godoro la watoto. Kurasa za majina ninazo mimi, watu wa Kayna wameniachia, nitazishona kwa uzi wa mashine, mahali pake. Cha chumvi ni ile barua yako mwenyewe. Cha mtawa nimechukua mkononi mwa Ézéchias. Na muuza vitunguu mmoja alileta karatasi isiyo na jina wala muhuri, alidhani nayo itasaidia. Ni ukurasa wa mwisho wa kesi ya yule mjane. Najua mwami aliamua nini. Mama anajua, watu wote wa Kayna wanajua, tuliusoma kwa sauti.

Uamuzi wenyewe sikuandikii. Njoo usome mwenyewe. Na utakapoandikiwa laissez-passer ya kuja, wakikuuliza jina, lijaze lote.

Yaya yako,
Emérence Maliro